Haitumiki, Haidhaminiwi, Haiwezi: Istilahi za Mfumo wa Kompyuta katika Mashine Iliyoachwa

Mtu atokaye Makambako, akaipita Njombe na baridi yake, kisha akateremka Ludewa kuelekea Ziwa Nyasa, hufika katika nchi ya makaa ya mawe. Huko ndiko kuliko Mchuchuma, katika kata ya Nkomang'ombe. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitiliana mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China ili makaa hayo yachimbwe pamoja na chuma cha Liganga, na miaka zaidi ya kumi ikapita bila ya mradi huo mkubwa kuanza. Katika miaka hiyo mtu angeweza kusema kwamba makaa ya Mchuchuma hayatumiki, na hakuna msikilizaji ambaye angeelewa kwamba makaa hayo hayawaki. Kutotumika kwa kitu ni habari ya watu na mipango yao. Kutoweza kwake ni habari ya kitu chenyewe. Katika lugha ya kila siku tofauti hiyo hatuikosei.

Tunaikosea katika lugha ya kompyuta. Tuchukue mfano wa shule ya sekondari katika vijiji hivyo hivyo vya Ludewa, na tuseme kwamba shule hiyo ilipewa kompyuta 12 zilizokwisha kutumika ng'ambo, zilizotengenezwa mwaka 2014 au 2015, zenye mfumo wa Windows 10. Zinawaka asubuhi, zinachapa mitihani, zinafundishia. Tarehe 14 Oktoba, 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuutunza mfumo huo, ambao iliutoa mwaka 2015. Mwalimu mhusika akajaribu kuweka Windows 11. Kioo kikamjibu kwamba mashine yake haikidhi matakwa. Akauliza maana yake, akaambiwa kwamba kompyuta za namna hiyo "hazitumiki" tena. Akaandika katika daftari la mali ya shule: mbovu. Zikaingia stoo pamoja na madawati yaliyovunjika miguu. Shule hii ni ya kubuni, lakini kila aliyepata kufanya kazi karibu na kompyuta za mtumba ataitambua. Mashine 12 zimepotea kwa sababu ya kitenzi kimoja.

Kabla ya kuendelea yafaa tukumbushane istilahi mbili. Maunzi ni sehemu za kompyuta zinazoshikika: prosesa, kumbukumbu, diski, kioo, kibodi na vinginevyo. Mfumo endeshi (wengine husema mfumo wa uendeshaji) ni programu kuu inayosimama kati ya maunzi na programu nyingine zote. Mtu anapobonyeza herufi, mfumo endeshi ndio unaoipokea ishara ya kibodi, ukaifikisha kwenye programu ya kuandikia, ukaagiza kioo kionyeshe herufi hiyo na diski iihifadhi. Kwa hiyo mfumo endeshi hauna budi kuyajua maunzi yake. Wala mtengenezaji wa mfumo hawezi kuyajua maunzi yote ya dunia. Huchagua yale atakayoyapima, na kuitangaza orodha yake. Mashine iliyo nje ya orodha hiyo Kiingereza huitaja kwa neno moja tu, na neno hilo wafasiri wetu wamelipokea kwa njia mbalimbali. Katika tafsiri za bidhaa za Google mtumiaji hukutana na haitumiki. Katika programu nyingine hukutana na haiauniwi. Wapo pia waandikao haikubaliki. Lakini neno la Kiingereza lenyewe limefunika mambo yasiyopungua manne. Yamkini Kiingereza kinaweza kuustahimili ufuniko huo, kwa kuwa wasomaji wake wamezungukwa na vitabu na mafundi wa kuwafafanulia. Msomaji wa Nkomang'ombe anacho kioo tu.

Jambo la kwanza ni udhamini. Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, inataka kumbukumbu ya gigabaiti 4, diski yenye gigabaiti 64, prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft, uwezo wa kuamka kwa njia salama, na kidude cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0. Kidude hiki ni mfano wa kasha la chuma ndani ya mashine: hutunza funguo za siri mahali ambapo programu za kawaida hazifiki. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo kwa jumla huanzia kizazi cha nane, kilichotokea mwaka 2017. Kompyuta za shule yetu ni za kizazi cha nne au cha tano, basi hazimo. Je, haziwezi? Zinaweza. Ukaguzi ule hufanywa na programu ya usakinishaji, na fundi anaweza kuuondoa. Huandaa flashi kwa programu ya Rufus, ambayo humwezesha kuyafuta masharti ya TPM na ya uamshaji salama, kisha Windows 11 huingia katika mashine ya mwaka 2014 na kufanya kazi, na aghalabu haionekani tofauti yoyote kwa yule anayechapa barua. Microsoft yenyewe imekwisha kuonya kwamba mashine iliyowekewa mfumo kwa njia hiyo haina ahadi ya kupata masasisho. Matoleo makubwa ya kila mwaka kwa kawaida hayaji yenyewe; fundi hurudia kazi yake ya flashi kila mara.

Kinachokosekana hapa, basi, ni ahadi ya mtengenezaji, na Kiswahili kina neno la siku nyingi la ahadi ya namna hiyo, yaani dhamana. Mdhamini husimama badala ya mtu mwingine na kusema, "Likitokea la kutokea, niulizeni mimi." Asipokuwapo mdhamini, mtu hawi mhalifu kwa sababu hiyo, hana tu wa kumsimamia. Tunapendekeza mashine ya namna hii iitwe mashine isiyodhaminiwa. Mafundi wa magari wanalijua jambo hili kuliko sisi watu wa lugha. Kiwanda cha Solihull, Uingereza, kiliacha kuitengeneza Land Rover ya umbo la zamani mwezi Januari 2016, lakini katika njia za milimani hakuna aliyeyashusha abiria magari hayo siku hiyo.

Jambo la pili ni kutoweza hasa, na ni lazima tulitenge na la kwanza kwa uangalifu, maana kuna watu ambao, wakishajua kwamba ukaguzi unaweza kuondolewa, hudhani kwamba kila kizuizi ni cha karatasi. Toleo la Windows 11 la mwaka 2024 lilikuja na sharti la aina nyingine kabisa. Prosesa hufanya kazi kwa kufuata amri ndogo ndogo zilizochongwa ndani yake tangu kiwandani, na toleo hilo limeandikwa kwa kutumia amri ambazo prosesa za Intel zilianza kuwa nazo mwaka 2008 tu. Mashine iliyotangulia hapo ikikutana na amri asiyoijua prosesa yake, husimama. Haiamki. Hapana flashi wala ujanja utakaoongeza amri katika prosesa, kama vile hapana ufundi utakaolifanya jiwe la kawaida liwake kama makaa. Hapa tu ndipo panapostahili kusemwa haiwezi, na aandikaye haitumiki mahali hapa amepunguza makali ya habari, ilhali aliyeandika haitumiki kwa jambo la kwanza aliyazidisha.

Jambo la tatu ni la utambuzi. Mara nyingine mfumo huingia vizuri na mashine ikaamka, lakini sehemu moja ikawa bubu: Wi-Fi haipatikani, sauti haitoki, au mashine ya kuchapia iliyoko mezani haionekani kabisa. Sababu yake ni kwamba kila sehemu ya maunzi huhitaji programu ndogo ya kuzungumza nayo, na mfumo haukupewa programu hiyo. Watumiaji wa Linux wanalijua sana tatizo hili katika vidude vya Wi-Fi vya Broadcom vilivyowekwa katika kompyuta nyingi za mapajani za zamani: kidude ni kizima, ila sehemu ya programu yake huletwa kando, na ili kuileta unahitaji intaneti, na intaneti ndiyo hiyo unayoitafuta. Fundi mwenye uzoefu huunganisha simu kwa waya, akapata mtandao wa muda, akamaliza shughuli. Kifaa cha namna hii tungekiita kifaa kisichotambuliwa. Kutotambuliwa ni hali inayorekebishika, nayo humwambia msomaji aanzie wapi.

Hapa tungependa kugusa, kwa upande, ugomvi mdogo wa istilahi ambao haujatatuliwa. Ile programu ndogo ya kuzungumza na maunzi imeitwa kiendeshi, na kwa bahati mbaya kiendeshi kimetumika pia kwa kifaa kinachozungusha au kusoma diski. Tukiandika kwamba "kiendeshi cha diski hakipo", hatujui kama mtu anunue kifaa dukani au apakue programu. Gharama zake hazifanani hata kidogo. Maoni yetu ni kwamba kiendeshi kibaki kwa kifaa kinachoshikika, na programu iitwe kiendeshaji.

Jambo la nne ndilo lililoanzisha maneno yote haya: kuachwa. Mfumo endeshi ni kama nyumba ya udongo. Haubomoki siku fundi aliyeujenga anapoondoka, lakini hauna tena wa kuukandika. Kila mwezi hugunduliwa nyufa ambazo wahalifu wanaweza kuzipitia, na mtengenezaji huziba kwa masasisho. Baada ya tarehe 14 Oktoba, 2025, nyufa mpya za Windows 10 hazizibwi isipokuwa kwa wale waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza, ambao kwa watu binafsi uliwekewa mwisho wa Oktoba 2026, na kwa mashirika Oktoba 2028. Kwa taasisi za elimu Microsoft ilitangaza bei ya dola 1 ya Marekani kwa kila mashine kwa mwaka wa kwanza. Shule yetu ya mfano ingepata mwaka mzima wa masasisho kwa dola 12. Lakini mwalimu aliyeambiwa "hazitumiki" hakuwa na sababu ya kuuliza bei.

Tuangalie kwamba kinachoachwa hapa ni mfumo. Katika jambo la kwanza kisichodhaminiwa ni mashine. Lugha yetu, kwa kuwa na ngeli, ina uwezo wa kuonyesha hilo katika kiambishi kimoja: mfumo ulioachwa, mashine isiyodhaminiwa. Haitumiki, ikisimama peke yake kwenye kioo, haimwambii msomaji ni kipi kati ya hivyo viwili kinachosemwa.

Kuachwa kuna madhara yasiyoonekana siku ya kwanza. Windows 7 iliachwa tarehe 14 Januari, 2020, na mashine zake ziliendelea kuchapa kama kawaida. Mwanzoni mwa mwaka 2023 kivinjari cha Chrome nacho kikaacha kuupokea mfumo huo. Kuanzia hapo kivinjari huzeeka mahali pake huku tovuti zikibadilika, hata siku moja mwanafunzi anayejaza fomu ya mkopo katika duka la steshenari anakuta ukurasa haufunguki, na mwenye duka anaulaumu mtandao. Kwa upande mwingine, mashine ya kijijini isiyogusa intaneti haiko salama kama inavyodhaniwa. Virusi vingi katika miji yetu vilienezwa na flashi, ambazo huchomekwa steshenari asubuhi na ofisini mchana.

Lipo na jambo la tano, tunalolitaja kwa ufupi kwa sababu si la ufundi. Leseni ya Apple hairuhusu mfumo wake wa macOS uwekwe katika kompyuta isiyotengenezwa na Apple. Mwaka 2009 kampuni ndogo ya Marekani, Psystar, iliyokuwa ikiuza kompyuta za kawaida zenye mfumo huo, ilishindwa na Apple mahakamani huko California. Hiyo ni mashine isiyoruhusiwa. Ni tofauti na kompyuta ya Apple yenyewe iliyozeeka, ambayo mwenyewe huiwekea toleo jipya la macOS kwa msaada wa programu ya OpenCore Legacy Patcher. Hiyo ni isiyodhaminiwa tu. Mfasiri asiyezitenga huweza kumtia hofu ya mahakama mtu aliye mbali nayo kabisa.

Sasa turudi kwenye mashine zenyewe, maana istilahi isiyomsaidia mtu kuamua ni pambo. Kwa kompyuta za mwaka 2014 zenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 njia ziko tatu: kulipia masasisho ya nyongeza ya Windows 10, kuweka Windows 11 bila udhamini, au kuweka mfumo wa jamii ya Linux. Njia ya pili ndiyo inayopendwa na mafundi, kwa sababu mteja hukuta sura aliyoizoea. Sisi tunaiona kuwa dhaifu zaidi kwa shule, kwa kuwa inamfunga mwalimu kwa fundi aliyeko Makambako kila toleo jipya litokapo, na nauli peke yake huweza kuizidi ile dola 1.

Linux ilianzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, na leo inatolewa kwa majina mengi. Mojawapo, Ubuntu, iliyoanza mwaka 2004, jina lake ni ndugu wa damu wa neno letu utu. Mint, iliyojengwa juu ya Ubuntu, ina umbo jepesi linalotosha kwa gigabaiti 4. Fadhila kubwa ya mifumo hii kwa mashine isiyodhaminiwa ni kwamba inaweza kuamshwa kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski. Mwalimu huchomeka, huwasha, akajaribu Wi-Fi, sauti na mashine ya kuchapia. Akiridhika ndipo asakinishe, asiporidhika huchomoa na mashine ikabaki ilivyokuwa. Kwa lugha tuliyoipendekeza, huupima utambuzi kabla ya kuingia gharama. Faili lake ni la gigabaiti 3 hivi, na faili la Windows 11 hupita gigabaiti 5. Kwa mtu anayenunua kifurushi cha simu hiyo ni hesabu ya kweli, ingawa faili moja likishapakuliwa Njombe mjini laweza kusafiri na flashi hadi kila shule ya wilaya. Kuna bei yake pia. Mtihani uliopangwa kwa Word, ukifunguliwa katika LibreOffice, huweza kuhama mistari, na mwalimu wa hisabati ndiye atakayelia kwanza.

Wala asidhani mtu kwamba Linux haiachi. Debian, mojawapo ya mifumo mikongwe ya jamii hiyo, katika toleo lake la 13 la Agosti 2025 iliacha kuandaa usakinishaji kwa prosesa za biti 32. Kompyuta za zamani sana nazo zimebaki na matoleo yaliyotangulia. Tofauti iliyopo ni ya umri: huko mashine huachwa ikiwa imekwisha kuzeeka mno, na kwa kawaida diski yake imekufa kabla. Kwa hakika, fundi akiulizwa ni nini kitakachoifufua kompyuta ya mwaka 2014, hatataja mfumo kwanza. Atasema diski ya kuzunguka iondolewe, iwekwe ya SSD.

Kuhusu neno auni, hatuna ugomvi nalo. Ni neno la Kiswahili lenye asili ya Kiarabu, maana yake ni kusaidia, na Wakenya wamelizoeza katika fani hii. Laiti lingetumiwa kwa maana ya jumla tu, pale ambapo mtengenezaji mwenyewe hakufafanua, lingefaa. Udhaifu wake ni kwamba mtu wa kawaida wa Njombe hakulelewa nalo. Haitumiki ana nalo tangu utotoni, na hiyo ndiyo hatari yake: analielewa mara moja, na analielewa vibaya. Katika ujumbe wa kioo, ambao hausomwi mara mbili, istilahi inayoeleweka vibaya ina madhara kuliko ile isiyoeleweka, kwa maana asiyeelewa huuliza.

Kazi ya kuifundisha kompyuta Kiswahili haianzi leo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa programu za ofisi za Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice, na wafasiri wa wakati huo walilazimika kuamua maelfu ya maneno kwa mkupuo. Wakati ule mashine zilikuwa chache, na habari ya kuachwa kwa mifumo haikuwa imewafikia watu wa kawaida. Leo mifumo iliyoachwa ni mingi kuliko inayotunzwa katika steshenari nyingi.

Tunaleta, basi, maneno haya mbele ya wasomaji: isiyodhaminiwa kwa mashine iliyo nje ya ahadi ya mtengenezaji, isiyoweza kwa ile inayokosa kitu katika prosesa yake, kisichotambuliwa kwa kifaa kisicho na kiendeshaji, ulioachwa kwa mfumo uliokoma kutunzwa, na isiyoruhusiwa kwa jambo la leseni. Limebaki moja ambalo hatukuafikiana. Mfumo uliokwisha kuachwa, kisha mtengenezaji akauza masasisho ya nyongeza kwa mwaka mmoja au mitatu, tuuiteje? Umeachwa, lakini si kabisa. Wengine wamependekeza ulioongezewa muda, ambalo ni refu kwa kioo cha simu. Wengine wa rehani, ambalo ni fupi lakini linasema jambo jingine. Mafundi wa Makambako, Njombe na kwingineko ambao huenda wana neno lao la kila siku kwa hali hiyo wanaombwa walilete.